Pikipiki ya barabara kuu inunuliwe kwa breki, sio kwa bei (Sehemu ya 4)

Mama zangu na dada zangu wa Biharamulo, Ngara na majirani wote, tulishaongea homa za watoto, chanjo na kuharisha. Leo naongea pikipiki, na nitaongea kwa ukali kidogo, mnivumilie.

Wengi mmeniuliza inboksi: "Nesi, baba watoto anataka pikipiki ya kwenda kazini, achukue ipi?" Wengine mnauliza kwa ajili yenu wenyewe, walimu na manesi mnaolala Biharamulo mjini na kufanya kazi Lusahunga, Nyakahura au Nyakanazi. Kuna mmoja kaniambia, "Nesi, hilo muulize fundi." Hapana. Fundi anapokea pikipiki iliyopinda. Mimi napokea mguu uliopinda. Na mimi nina la kusema.

1. Eti "ajali haina kinga"

Haya ni maneno ya msibani. Yanamfariji aliyefiwa, na pale yanafaa. Dukani hayafai. Mama, mtoto wako ulimpeleka chanjo ya surua, hukusema "surua haina kinga". Kwa nini baba yake akienda kununua pikipiki tunaanza kumsingizia Mungu?

Kinga ipo na imepimwa. Wataalamu walikusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuzijumlisha mwaka 2008, wakaona kwamba kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali, helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa kama asilimia 42, na kuumia kichwa kwa kama asilimia 69. Hiyo ni helmeti peke yake. Bado hatujagusa breki, taa wala tairi.

2. Barabara yetu siyo mtaa

Pikipiki ya bodaboda ya mjini inatembea polepole, inasimama, inapakia, inashusha. Kwa kazi hiyo CC 100 ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale mtu anapoichukua hiyohiyo, anaipeleka kwenye barabara kuu, kilomita 40 kwenda na 40 kurudi, kila siku ya Mungu.

Mnajua nani mwenye barabara ile. Ni malori yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam na mzigo wa Rwanda, Burundi na Congo. Yanapita Nyakanazi, yanapita Lusahunga, yanaelekea Rusumo na Kabanga. Dereva ametoka mbali, amechoka, anataka kufika mpakani. Kwake wewe ni kitaa kidogo kinachotikisika mbele ya kioo.

Sasa CC 100 yenye mtu mzima, begi na abiria nyuma, ikifika mwendo wa 70 umeshavuta moto wote. Ukikuta mlima, na Ngara milima tunayo, inashuka 50. Lori liko nyuma linapiga honi. Huna pa kwenda ila ukingo wa lami, na pale ukingoni kuna kijishimo, kuna kokoto, mvua ikinyesha kuna tope jekundu. Majeruhi wa namna hii wanatuambia neno lilelile: "Nilikuwa nalipisha." Kila lori linalokupita ni bahati nasibu nyingine, na kwa siku yanakupita mangapi?

Sisemi ukimbie. Nguvu inayobaki kwenye injini ni kama damu iliyoko benki ya damu. Huitumii kila siku. Lakini siku unayoihitaji unaihitaji sasa hivi, na isipokuwepo hakuna wa kukukopesha.

3. "CC 100 haili mafuta"

Haya, tupige hesabu, maana hapa ndipo akina baba wanapotushindia. Kilomita 80 kwa siku, siku 24 za kazi, ni kilomita 1,920 kwa mwezi. Tuseme CC 100 inakwenda kilomita 60 kwa lita: hapo ni lita 32. Tuseme CC 125 inakwenda kilomita 50 kwa lita: hapo ni lita 38 na nusu hivi. Tofauti ni lita 6 na nusu. Weka petroli shilingi 3,000, unapata kama shilingi 19,500 kwa mwezi. Chini ya shilingi 1,000 kwa siku!

Na hapo nimeipendelea hiyo ndogo. Injini inayokamuliwa mpaka mwisho kutwa nzima nayo inakunywa, na inachoka mapema. Kwa hiyo tunabishana juu ya hela ya vitumbua. Mguu uliovunjika unalala wiki nyingi ukivutwa na uzito, na kichwa kikiumia vibaya ni rufaa ya Bugando. Piga na hiyo hesabu: nauli, chakula cha anayemuuguza, na mshahara au shamba lililosimama. Na bima ndogo, ile ya kumlipa uliyemgonga, haimtibu mwendeshaji.

4. Wala kubwa sana siyo dawa

Msije mkatoka hapa mkasema nesi kasema tununue lipikipiki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Hiyo haibembelezwi na mtu. Ukiwa na mwendo wa 80 unapita mita 22 kwa sekunde moja; ukigeuza shingo kumsalimia mtu umeshapita nyumba mbili. Pikipiki ndefu ya porini ambayo miguu haigusi chini nayo itakuangusha imesimama, kabla hata ya kufika kwenye lami.

Na nyie mnaowaambia wanawake "chukua kaskuta, ndiyo ya kike", naomba muache. Tairi dogo linazama kwenye shimo ambalo tairi la inchi 17 linalivuka. Shimo haliulizi jinsia.

Kwa safari ndefu ya lami yenye malori mimi nasema hivi: CC 125 mpaka 150, gia tano, tairi kubwa, miguu yote miwili inakanyaga chini. Gia ya tano inaifanya injini ipumue kwenye mwendo wa safari badala ya kulia. Iwe Boxer, TVS, Honda au ya Kichina, mimi sina duka. Angalia tu kama spea zake zinapatikana Biharamulo. Ile Honda CG 125 ya miaka ya 1970 ndiyo mama wa injini nyingi za Kichina mnazoziona, ndiyo maana fundi yeyote anaifungua hata gizani.

5. Breki, breki, breki

Mtu anauliza redio ipo? Anauliza rangi. Breki hajauliza. Jamani!

Kwa taarifa yenu, India zinakotengenezwa Boxer na TVS, serikali yao ilishaweka sharti: kuanzia Aprili 2019 pikipiki mpya zenye CC zaidi ya 125 ziwe na ABS, yaani breki isiyoacha tairi ligande na kuteleza. Za CC 125 kushuka chini ziwe angalau na CBS, yaani ukikanyaga moja, ya mbele na ya nyuma zinashika pamoja. Watengenezaji wenyewe, kwa watu wao, hawaachiwi kuuza bila hiyo. Sasa wewe muulize muuzaji: "Hii unayoniuzia inayo?" Umtazame usoni anavyojibu. Kama haina, basi breki ya mbele iwe ya diski, maana ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Tukiuliza wengi, wataanza kuzileta. Tukinyamaza wataendelea kutuletea wanachotaka.

6. Nenda naye dukani

Mama, usikae nyumbani ukisubiri kuletewa. Hiyo ni hela ya nyumba na ni baba wa watoto wako. Nenda, uliza haya:

– Niijaribu nikiwa na abiria, kwenye mlima. Ikiwa kwenye mwendo wa 70, moto umebaki au umeisha?
– Breki ya mbele ni ya diski au ya ngoma? Ikishika inavuta upande?
– Taa ikoje usiku? Nyingine ukipunguza mwendo taa inafifia, na wewe unatoka zamu saa mbili usiku.
– Tairi lina tyubu? Lisilo na tyubu mara nyingi likichomwa linapungua polepole. Lenye tyubu linaweza kuisha pumzi ghafla ukiwa kwenye mwendo.
– Vioo viwili vipo? Bila vioo lori utalijua kwa honi.
– Leseni je? Ndogo ni daraja A1, ikizidi CC 125 ni daraja A.

Na kabla hamjatoka mjini, helmeti mbili, za kufunika mpaka kidevu, zenye mkanda unaofungwa. Zihesabuni ndani ya bei ya pikipiki. Kama hela ya helmeti haipo, basi hela ya pikipiki haijatimia. Mtoto wa mgongoni hana helmeti, kwa hiyo kwenye barabara ya malori apande Hiace na mama yake.

7. "Nesi, hela hatuna"

Najua. Mshahara wangu na wako tunaujua. Ndiyo maana nasema ngoja. Panda Hiace miezi mitatu zaidi, cheza mchezo na wenzako, ongeza. Au tafuta CC 125 iliyotumika, umlipe fundi unayemwamini aikague breki, tairi, cheni na taa kabla hujatoa hata mia. Usinunue haraka kitu ambacho utakiendesha kilomita 80 kila siku kwa miaka mitano.

Najua kuna wanaume watakaokasirika wakisoma hapa, na kuna watakaosema wamepanda CC 100 miaka kumi na hawajafa. Nawapongeza. Waliokufa hawawezi kuja kukomenti.

Mtumie post hii yule unayejua ana hela mfukoni na anaenda dukani wiki hii. Sehemu ya 5 nitaeleza cha kufanya, na cha kutofanya, mkimkuta aliyeanguka barabarani kabla gari halijafika.