Keki za Uswahilini

Ujumbe uliingia saa nne usiku. Mteja alitaka keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe: ghorofa tatu, rangi ya bluu na nyeupe, na juu kabisa ndege ya sukari. Bei tulikuwa tumeshakubaliana, 180,000. Kisha akaongeza mstari mmoja: "Ila dada, tafadhali, usije ukaniletea zile keki za uswahilini."

Nikamjibu kwa alama ya kidole gumba na ya kucheka. Nilijua anasema nini. Alikuwa anasema keki ya rangi ya kahawia, isiyo na krimu wala mapambo, inayokatwa vipande vya pembe nne na kupangwa kwenye kabati la kioo kwa muuza chai. Alikuwa anasema mkate wa mayai.

Nataka kubishana na mstari ule. Mteja mwenyewe sina ugomvi naye. Ni mama mwenye adabu na alilipa kwa wakati. Lakini maneno yale nimeyasikia kwa watu wengi tuliosoma, na kwa miaka kadhaa niliyatumia mimi mwenyewe, tena kwa kujiamini.

Nimelelewa na bibi yangu Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Bibi alioka mkate wa mayai kwa ajili ya migahawa miwili, na msimu wa harusi, maulidi na Idi alioka mpaka usiku wa manane. Ada yangu, madaftari yangu na viatu vyangu vya shule vilitoka kwenye sufuria lile. Siku hizi mitandaoni watu hujisifu kwamba wanaoka wenyewe kila kitu tangu mwanzo, bila unga wa pakiti uliokwisha kuchanganywa kiwandani. Bibi hakuwa na msemo wa jambo hilo, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuanzia.

Alianza na mayai. Manane ya kisasa, au kumi ya kuku wa kienyeji kwa kuwa ni madogo. Kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha unga wa ngano, na kikombe chenyewe ni kile cheupe cha bati chenye ukingo wa bluu, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukinywea chai. Alikaa kwenye kigoda, bakuli katikati ya magoti, akapiga mayai na sukari kwa kipigio cha waya uliosokotwa kama springi. Dakika 30, wakati mwingine 40. Mayai yalibadilika kutoka manjano hadi rangi ya maziwa, yakapanda mpaka yakakaribia ukingo wa bakuli. Aliinua kipigio na kuangalia uzi unaodondoka. Ukizama, bado. Ukikaa juu kiasi kwamba mtu angeweza kuandika jina lake, tayari.

Hapo ndipo unga ulipoingia, umechekechwa, kidogo kidogo, pamoja na iliki iliyotwangwa asubuhi ileile. Hakuupiga. Aliuchanganya kwa kiganja, akitoa chini na kuleta juu, taratibu, ili asilivunje povu. Sufuria lilikuwa limepakwa samli na kupashwa moto. Mchanganyiko ukimiminwa, mfuniko wa bati unawekwa, na makaa yanapaliwa juu yake. Mengi juu, machache chini. "Moto wa chini ukizidi," alikuwa akisema, "mkate unaungua matako na tumboni ni mbichi."

Kazi yangu ilikuwa kuangalia makaa. Nilipewa koleo na amri ya kutofunua. Hakukuwa na saa wala kipimajoto. Bibi alipitisha kiganja juu ya mfuniko na kuniambia ondoa mawili, au ongeza moja upande wa ukutani kwa sababu upepo unatoka baharini. Harufu ya iliki ikifika mlango wa mbele, alinyanyuka. Sikumbuki akikosea.

Mwaka 2019 nilijiunga na mafunzo ya upishi wa keki hapa Dar es Salaam, wiki sita. Nilijifunza mengi na sijutii pesa niliyotoa. Tulianza na keki ya siagi na beking poda, tukaenda kwenye krimu, tukaenda kwenye fondanti. Wiki ya tano mwalimu aliandika ubaoni neno la Kifaransa, génoise. Akatuambia hii ni ngumu, ni ya wapishi waliokomaa. Haina beking poda. Inapandishwa na mayai peke yake, yanayopigwa na sukari mpaka uzi ukae juu, halafu unga unaingizwa taratibu ili povu lisivunjike. Akasema wengi wetu itatushinda mara ya kwanza.

Darasa zima keki zikashuka. Yangu ikapanda. Mwalimu akaikata katikati, akaibonyeza kwa kidole, ikarudi juu. Akauliza: "Wewe nani alikufundisha?"

Nikasema: "Niliona YouTube, madam."

Makala hii yote naiandika kwa sababu ya jibu lile. Ningeweza kusema bibi yangu wa Tanga. Maneno manne tu. Lakini nilikuwa nimevaa aproni nyeupe yenye jina langu, nimezungukwa na wenzangu wenye simu nzuri, na nilihofia mtu angeuliza bibi huyo alisomea wapi. Nikamkana bibi mbele ya keki yake mwenyewe.

Basi nianze na neno lenyewe, uswahilini. Tunalitumia kana kwamba linaeleza ubora, na ukweli ni kwamba linaeleza anwani. Keki ileile, kwa mayai yaleyale na kwa mkono uleule, ikiitwa génoise ni somo la wiki ya tano, na ikiitwa mkate wa mayai ni kitafunwa cha kusindikizia chai. Tuliosoma tunapenda kusema kwamba sisi tunaangalia sayansi. Haya, tuangalie sayansi. Yai likipigwa, protini zake zinashika hewa. Joto linaitanua hewa ile, na protini zinakazana na kuishikilia kabla haijatoroka. Beking poda ni njia ya mkato ya kazi hiyo. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, aliitengeneza mwaka 1843 kwa sababu mkewe alikuwa hapatani na hamira. Ni uvumbuzi mzuri, nautumia kila wiki. Lakini aliyekuambia kwamba keki isiyo nayo ni keki ya kishamba amekugeuzia mambo: yule anayeweza kupandisha keki bila hiyo ndiye mwenye ufundi mkubwa zaidi.

La pili ni bei. Keki ile ya ndege niliipigia hesabu nilipomaliza. Mayai, unga, sukari, siagi na vanila havikufika 50,000. Zilizobaki zilikwenda kwenye fondanti, rangi, mihimili ya kubeba ghorofa, boksi, usafiri na mikono yangu. Siidharau kazi ya kupamba, ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Ila nilibaki ukumbini kuipanga, nikaona watoto wakila. Walibandua ganda la bluu kama wanaomenya chungwa, wakaliacha pembeni ya sahani. Ndege ilikwenda nyumbani kwenye mfuko, na wiki iliyofuata mama yake aliniambia iliyeyuka juu ya friji. Tulichokuwa tumelipia zaidi ndicho ambacho hakuna aliyekila.

Bibi, kwa upande wake, alikatiwa bei mpaka mwisho. Mwenye mgahawa alimwambia, "Mama, hiki si kitu cha kununua vitu vingi, ni mayai tu." Mayai tu, na dakika 40 za mkono, na miaka 50 ya kiganja kinachojua joto. Kazi ya mwanamke inayofanyika uani kwake huhesabiwa kuwa tabia yake, kama vile kupumua, na hakuna anayelipia pumzi. Nawe msomaji ukimwambia shangazi yako "nitengenezee basi kidogo tu, si unajua kupika", ujue uko upande wa mwenye mgahawa.

Kuna waliolitazama jambo hili kwa jicho jingine. Katika karne ya 16 Wareno walifika Nagasaki na keki ya mayai, sukari na unga. Wajapani wakaichukua, wakaiongezea shira kidogo, wakaiita kasutera. Hapo zamani waliioka kwenye tanuri lenye makaa chini na makaa juu, kama sufuria la bibi. Leo inauzwa ndani ya boksi zuri, ni zawadi ya heshima mtu akitoka Nagasaki, na duka moja la mji huo, Fukusaya, limekuwa likiioka tangu 1624. Haina ghorofa. Haina ndege. Ni mstatili wa kahawia wenye harufu ya mayai. Sisi cha namna hiyo tunakifunga kwenye gazeti na kukionea haya mbele ya wageni.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa natamani enzi za moshi. Sitamani. Bibi alikohoa kila usiku wa maisha yangu ya utoto, na sikujua kwamba kikohozi kile kilikuwa na sababu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Serikali ya Tanzania ina mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami naunga mkono kwa mikono miwili. Mkate wa mayai naoka kwenye oveni ya gesi, napigisha mayai kwa mashine, dakika 12. Unatoka vilevile. Ujuzi wa bibi haukuwa ndani ya makaa. Ulikuwa katika kujua uzi ukae vipi, na unga uingie vipi, na kwamba tumbo la mkate lina haki yake kama ngozi yake.

Nitaambiwa pia kwamba wateja hawautaki. Tumewauliza lini? Orodha yangu ya bei ilikuwa na aina 14 za keki, na mkate wa mayai haukuwamo hata mmoja. Mkate wa kumimina nao haukuwamo, ule wa mchele uliolowekwa na kusagwa na tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani, sisi waokaji tulilalamika kwenye makundi yetu ya WhatsApp kwamba unga unatuua, na hakuna aliyesema: jamani, mchele si tunao, na mama zetu si wanajua? Tulikuwa tumeshausahau ujuzi huo kwa hiari, kisha tukauita uhaba.

Hili ndilo linalonitia hofu. Oveni ikiharibika hutengenezwa, lakini bibi akiondoka ameondoka. Wangu bado yupo, mkono wake wa kulia hauinuki tena zaidi ya bega. Mwaka jana nilimpigia simu nikamsimulia habari ya darasa, nikamweleza keki ya Kifaransa inavyopikwa, hatua kwa hatua. Jibu la YouTube sikumwambia siku ile. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mke mwenza, na iliki wanatia?"

"Hawatii, bibi."

"Maskini."

Nilicheka mpaka nikalia. Halafu nikapanda basi kwenda Tanga, na safari hii nilimwambia. Alinyamaza kidogo, akasema tu kwamba kikombe kiko pale juu, nikiteremshe. Tulioka siku tatu. Yeye akiwa kitini, mimi kigodani. Nilipima kikombe chake cha bati kwa mzani nilioutoa Dar: sukari gramu 230, unga gramu 160. Nikaandika. Alishangaa kwamba kitu hicho kinaandikika, na mimi nilishangaa kwamba sikuwahi kukiandika. Siku ya kuondoka niliweka bahasha chini ya mto wake, ada ya mafunzo, kiasi kilekile nilicholipa Dar kwa wiki sita. Alinirudishia mara mbili. Mara ya tatu akapokea.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayejua kuoka na wewe unayejua kula tu. Kama nyumbani kwenu yuko mtu anayeoka kwa kadirio, nenda ukasimame karibu naye na mzani. Andika gramu, andika namna uzi unavyokaa. Usimwombe akufundishe bure kwa sababu ni shangazi. Mlipe kama unavyomlipa mgeni mwenye cheti. Na ukiulizwa nani alikufundisha, taja jina lake.

Mimi nimeshabadilisha orodha yangu. Juu kabisa, kabla ya zile aina 14, imeandikwa: Mkate wa mayai wa Tanga. Mayai 8, iliki, hauna beking poda. 35,000. Wiki iliyopita mtu aliniandikia, "Dada, mbona ghali, si mayai tu?" Nikamjibu kwamba ni mayai tu, na bei haipungui.