MDUNGUAJI NA WENZAKE WANNE

Kila turudipo kutoka likizo, mabishano huzuka mabwenini juu ya mchezo wa kompyuta uitwao Counter-Strike 2, uliotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2023. Watu hubishana nani ni mdunguaji bora, na kila mmoja hutaja idadi ya maadui aliowaangusha. Maoni yangu ni kwamba hesabu hiyo haitoshi, na sababu zake ni hizi.

Kwa wasioujua mchezo huu, timu mbili za watu watano watano hupambana duru baada ya duru, na kila mchezaji hununua silaha kwa fedha za mchezo. Bunduki ya mdunguaji, AWP, ni dola 4,750, hali AK-47 ni dola 2,700. Risasi moja ya AWP ikimpata adui kifuani humwua, hata akiwa amevaa kinga. Lakini magazini yake huchukua risasi tano tu, na baada ya kila risasi hapana budi kungoja karibu sekunde moja na nusu. Tena, kumwua adui kwa AWP huleta dola 100, na kwa AK-47 dola 300. Basi bunduki hii ni ghali, ni nzito, na malipo yake ni madogo.

Kwa hiyo, mwenye kuishika na ashike haya. Kwanza, asimame kabla ya kupiga, maana risasi ya mtu anayekwenda huruka ovyo. Pili, asikodolee darubini wakati wote, kwani humwonyesha mahali pamoja na kumficha pengine pote. Tatu, achague njia atakayopita adui, aelekeze shabaha kimo cha kifua, kisha angoje. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nne, akisha kupiga, apate asipate, ahame upesi, kwa kuwa sasa anajulikana alipo.

Lakini yote hayo ni kazi bure kwa mtu mchoyo. Wako wanaonunua AWP hali wenzao wanne wana bastola tu, kisha hujificha nyuma wakingoja kuongeza hesabu zao. Wenzao huanguka, bomu hulipuka, nao hujisifu kuwa wameua wawili. Na wakiuawa, adui huiokota bunduki ile ile na kuitumia dhidi ya timu yao.

Huenda mtu akasema, "Huo ni mchezo tu." Ni kweli, lakini saa ya kompyuta tunailipia kwa fedha za kuchanga, na nimeona marafiki wakimaliza wiki nzima bila kusemezana kwa ajili ya jambo hili.

Yafaa basi watano wapatane kabla ya kuanza. AWP apewe mwenye mkono uliotulia, na wenye fedha wamnunulie. Naye azilinde njia zao, awaambie aonayo, na siku shabaha ikimkataa ampishe mwingine bila kununa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Likizo ijayo, tukitaka kujua nani ni mdunguaji bora, tusimwulize yeye. Tuwaulize wale wanne aliocheza nao.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne