Si Kila Aangukaye Ana Kifafa

Kiswahili ni lugha yenye utajiri wa maneno. Hata hivyo, mtoto aangukapo ghafla uwanjani, aghalabu sisi huridhika na neno moja tu: kifafa. Akifariki, majirani hunong'onezana kwamba pana mkono wa mtu. Mimi ni mwanaisimu wala si tabibu, lakini najua kwamba jina lisilofaa humpotosha alitumiaye. Katika suala hili, huweza hata kuua.

Upo ugonjwa wa kurithi wa mapigo ya moyo uitwao na madaktari sindromu ya QT ndefu. Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Kwa mgonjwa huyu, umeme huo huchelewa kutulia baada ya kila pigo. Akikimbia, akiogelea au akigutushwa na kengele, mapigo huweza kuvurugika, ubongo ukakosa damu, naye akazirai na pengine kutetemeka mfano wa mwenye kifafa. Mapigo yasiporejea, hufa.

Mnamo 1957, madaktari Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen walieleza habari za familia moja ya Norway yenye watoto sita. Wanne walikuwa viziwi na wenye kuzirai. Watatu kati yao walikufa ghafla. Aina hiyo ya uziwi ni adimu. Katika aina iliyo ya kawaida, mgonjwa husikia vyema, na kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi ugonjwa.

La kusikitisha ni kwamba tiba ipo. Kipimo cha kuchora umeme wa moyo hakina maumivu, na mara nyingi huufichua ugonjwa. Vidonge kama propranololi au nadololi huwakinga wengi. Walio hatarini zaidi hupandikizwa kifaa kifuani cha kuusitua moyo. Mgonjwa hana budi pia kuepuka baadhi ya dawa, kama vile erithromisini.

Kwa hivyo, walimu na wazazi, mwelezeni daktari mtoto alikuwa akifanya nini alipoanguka. Nanyi madaktari, upimeni moyo kabla ya kuandika kifafa. Na pale kijana afapo ghafla bila sababu kujulikana, ndugu zake wapimwe, hata kama matanga hayajaondolewa. Mficha maradhi, walinena wahenga, kilio humuumbua.