Waya wa Fyuzi na Dhamana ya Gari Kuukuu

Gari kuukuu lililotunzwa vyema ni mali ya kujivunia, na wako wengi katika Afrika Mashariki ambao hawawezi kuibadili Land Cruiser ya muundo wa 60, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1980, kwa gari jipya ambalo kila maradhi yake hutaka kompyuta. Walakini liko jambo katika magari ya umri huo ambalo wenyewe aghalabu hawalijui na mafundi wengi hulidharau, nalo ni hali ya ule waya mfupi utokao kwenye kichwa cha betri na kulisha umeme karibu gari zima. Rai yangu ni kwamba wakati umewadia wa kuuondoa waya huo wa fyuzi na kuweka kisanduku cha fyuzi mahali pake, kwa sharti kwamba kazi hiyo ifanywe kwa maarifa, maana ikifanywa kwa ubabaishaji itazidisha hatari ile ile iliyokusudiwa kuondolewa.

Insafu yataka tukiri kwanza kuwa waliobuni waya huo walikuwa na hekima yao. Waliufanya mwembamba kwa makusudi kuliko nyaya unazozilinda, wakauvika ganda lisiloshika moto kwa urahisi, ili nyaya zikipiga shoti ufe waya huo na fungu lote lisalimike. Haja ya kinga hiyo ni dhahiri kwa kila ajuaye kuwa umeme upitao katika waya ukiongezeka maradufu, joto lake huwa mara nne, na kwamba betri ya volti 12, ikipata njia isiyo na kizuizi, yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Tena waya huo una subira: huvumilia kishindo kifupi cha umeme bila ya kukatika, na subira hiyo ni sifa ambayo fyuzi ndogo ya kawaida haina.

Aibu yake ni kwamba hufa kwa siri. Shaba yaweza kuyeyuka ndani huku ganda likionekana zima, au ikaliwa na kutu penye kiungo hata taa zikafifia na chaji ikapungua, na mwenye gari akalaumu alteneta na kununua nyingine bure. Lakini baya kuliko hayo ni lile litendekalo baada ya kukatika kwake: waya wa kipimo sawa haupatikani katika duka la karibu, fundi hukata kipande cha waya wowote alionao, huunga moja kwa moja, gari huwaka, na mwenyewe hulipa kwa furaha na shukurani nyingi. Tangu saa ile hapana tena kinga baina ya betri na nyaya, na shoti ijayo itapata chakula chake katika fungu zima chini ya dashibodi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kisanduku cha fyuzi huondoa siri hiyo. Fyuzi bapa, ambazo kampuni ya Littelfuse ya Marekani ilizileta katika miaka ya 1970, zina nambari na rangi, hata asiye fundi aweza kujua kuwa nyekundu ni ya ampea 10 na njano ni ya 20. Na zile kubwa za namna hiyo hiyo, ziitwazo maksi, hufika ampea 80, nazo huvumilia kishindo cha umeme kuliko zile ndogo. Iliyokatika huonekana kwa macho, na badala yake hutiwa kwa dakika moja. Zaidi ya hayo, chaji, taa na swichi huweza kupewa kila kimoja fyuzi yake, hata kosa la taa lisimwache msafiri gizani na gari lililokufa kabisa.

Sharti la kwanza ni kwamba fyuzi huchaguliwa kwa unene wa waya, wala si kwa matamanio ya mwenye gari: waya wa milimita mraba 2.5 ukipewa fyuzi ya ampea 60, utakaoungua ni waya, na fyuzi itabaki ikitazama. La pili, kisanduku kikae karibu na betri, ikiwezekana kisipite shubiri moja, kwa kuwa waya ulio kabla ya fyuzi haulindwi na kitu. La tatu, fyuzi ya chaji izidi uwezo wa alteneta, kwa sababu ikikatika alteneta ikiwa kazini, umeme hupanda ghafula na kuweza kuidhuru alteneta yenyewe na vyombo vingine. La nne, viungo vibanwe kwa koleo lake na vifunikwe dhidi ya maji na vumbi. Waya mnene wa stata, ambao kwa kawaida hauna fyuzi, uachwe kama ulivyo.

Wako watakaosema kuwa gari la kale lastahili kubaki kama lilivyotoka kiwandani. Nawaheshimu, na anayeweza kupata waya wa fyuzi wa asili wenye kipimo chake na autumie bila ya lawama. Lakini gari lenye waya wa kubahatisha si la asili hata kidogo. Limeharibiwa zamani, ila mwenyewe hajaambiwa.

Kwa hiyo nawasihi wenye magari hayo wafungue boneti wiki hii, waufuate waya utokao kwenye kichwa cha betri, na wamwulize fundi wao ni kitu gani kilichopo hapo na ni cha ampea ngapi. Fundi asiyeweza kujibu swali hilo asipewe kazi ya kukibadili.