Mwandishi wa filamu alipwe kabla ya kamera kuwashwa

Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria aliionyesha dunia Mwanza kupitia Darwin's Nightmare, filamu kuhusu biashara ya sangara. Serikali ya Tanzania iliipinga vikali, mjadala ukawaka, kisha tukanyamaza. Filamu hujibiwa kwa filamu, nayo huanza kwenye karatasi.

Vijana wa kuliandika jibu hilo wapo, na hata Buhongwa, jijini Mwanza, wamo. Wanachokosa ni malipo. Mtayarishaji husikiliza kisa, hukisifu, halafu hupiga picha bila mkataba. Waigizaji hutunga maneno papo hapo, na jina la mwandishi halionekani popote. Huo ni wizi, tuuite hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyotungwa, wazo tupu halina kinga. Basi kisa kiandikwe na kusajiliwa kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ndipo mtayarishaji akisome.

Kisa kilichoandikwa hufika mbali: Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi, ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021 ikiwa filamu ya Amil Shivji. Ili visa vya vijana wetu navyo vifike mbali, vituo vya televisheni vinavyonunua tamthilia vidai kuuona mkataba wa mwandishi kabla ya kutoa hata senti.