Nani alikuambia mbao ni ushamba?

Nikitaja ndege ya mbao najua utacheka, udhani nazungumzia kitu cha watoto kuchezea. Lakini ile ya akina Wright, Desemba 1903, kiunzi chake kilikuwa mbao na mabawa yamevishwa kitambaa cha pamba. Kwa miaka mingi baadaye, kiwanda cha ndege kilikuwa karakana ya seremala: randa, gundi, sindano na uzi.

Halafu akaja Mjerumani, Hugo Junkers. Huyu jamaa alikuwa akiunda hita za maji ya kuoga, kwa hivyo bati alilijua. Desemba 1915 akarusha J 1, ndege ya chuma. Iliruka, sawa, lakini ilikuwa nzito, kupanda juu ni shida. Watu wakaibandika jina "Punda wa Bati". Hakukata tamaa. Mwaka wa 1919 akaleta F 13 ya kubeba abiria, safari hii ya duralumini, yaani alumini iliyochanganywa na shaba kidogo ili iwe ngumu bila kuwa nzito.

Sasa hapo ndipo tunauziwa hadithi, ati mbao ilitupwa kwa sababu ni ya kizamani. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, nimeitwa mtu wa kuachwa nyuma mara nyingi, kwa hivyo maneno kama hayo huwa siyamezi hivi hivi. Shida ya mbao ilikuwa na jina: gundi. Machi 31, 1931, ndege ya Fokker ilikatika bawa hewani huko Kansas, Marekani. Wote 8 waliokuwemo walikufa, akiwemo kocha maarufu Knute Rockne. Lawama ikaangukia unyevu uliolegeza gundi ndani ya bawa, mahali ambapo fundi haoni bila kulipasua. Ungekuwa wewe, ungepanda tena? Miaka miwili baadaye, Boeing 247 ya metali ilikuwa inabeba abiria.

Lakini subiri. Mwaka wa 1940, vita vimechacha, Waingereza wakarusha de Havilland Mosquito, ya plaiwudi. Wakubwa wa jeshi walikuwa wameidharau. Ikawa miongoni mwa ndege zenye kasi zaidi vitani, na zikaundwa zaidi ya 7,000, sehemu nyingi zikitoka kwa mafundi wa fanicha.

Zilipopelekwa Asia, kwenye joto na unyevu, zingine zikaanza kuachana. Gundi tena.