Programu ya takwimu za afya ilipohama ghala: Lushoto inatuhusu nini?

Kila mwezi, zahanati na vituo vya afya wilayani Lushoto, kuanzia Soni hadi Mtae, hujumlisha takwimu kutoka vitabu vya MTUHA: wajawazito waliofika kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria. Takwimu hizo huingizwa kwenye programu ya kompyuta iitwayo DHIS2, ambayo Tanzania inaitumia nchi nzima tangu 2013.

Programu hii inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa walioiboresha kwa mahitaji yetu. Maelekezo yanayoiendesha huitwa msimbo, na yeyote anaweza kuyasoma. Taarifa za wagonjwa hazimo humo.

Msimbo hubadilishwa na watu wengi, hivyo huwekwa kwenye ghala linaloandika nani kabadili nini, lini na kwa nini. Wana VICOBA wataelewa haraka. Katibu mzuri hafuti mstari wa zamani. Anaandika mpya chini yake, ili mkibishana mrudi nyuma kuangalia.

Kwa miaka mingi ghala la DHIS2 lilikuwa kwenye mtandao wa Launchpad, likitumia mfumo uitwao Bazaar. Baadaye likahamia GitHub, inayotumia Git, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Walihama mapema, na ikawafaa: mwaka 2025 Launchpad ilitangaza kwamba inaacha kuhifadhi kazi za Bazaar. Ghala jingine kubwa, Google Code, lilifungwa Januari 2016.

Ugumu wa kuhama uko wapi? Bazaar huyapa mabadiliko namba za kufuatana: 1, 2, 3. Git hulipa kila badiliko alama ndefu ya herufi na tarakimu 40. Maelezo ya zamani yakisema "tazama badiliko namba 500", kwenye ghala jipya namba hiyo haipo. Mhamishaji makini huandaa orodha ya kuoanisha namba na alama, huhakikisha majina na tarehe vimefika salama, kisha huliacha ghala la zamani lisomwe tu kwa muda. Mwenye haraka hubeba msimbo wa leo peke yake na kuiacha historia.

Hasara yake hii hapa. Tuseme asilimia ya watoto waliochanjwa katika kata moja imeruka ghafla kupita 100. Je, zahanati imekosea kuhesabu, makadirio ya idadi ya watoto ni ya chini, au kuna mtu kabadili namna programu inavyokokotoa? Penye historia, mtaalamu hufungua badiliko husika akaona. Pasipo historia, ni kubahatisha, na mara nyingi lawama humshukia muuguzi aliyejaza kitabu.

Je, tumwachie GitHub kila kitu? Hapana. Tangu 2018 ni mali ya Microsoft, na milango ya kampuni hufungwa, kama tulivyoona. Lakini Git ina faida moja kubwa: anayechukua nakala kamili hupata historia yote. Nakala iliyotunzwa Dar es Salaam na kusasishwa kila mara inatosha kuanza upya.

Somo hili si la afya tu. Shule, vyama vya ushirika na halmashauri navyo vinatengenezewa programu, na mara nyingine msimbo wote uko kwenye kompyuta ya kijana mmoja. Kabla hamjalipia, muulizeni: msimbo umehifadhiwa wapi, historia yake ipo, na sisi tunabaki na nakala? Akikosa jibu la moja kati ya hayo, msitie saini kwanza.